Kitanda cha Mwinjuma

Fedha Mwinjuma hakuwa nazo, lakini sheria ya kubadilishana vijana ilimruhusu kuzunguka Amerika Kusini yote na kulala bure, mradi kijana wa huko, Ramiro, akae mahali pake Korogwe: alale kitandani mwake, amwite mama yake mama. Basi akatembea, begi mgongoni, kila mji ukimchosha kabla hajaujua. Alipofika La Paz, nyayo zikiwaka moto, akapiga simu.

"Shikamoo mama. Nimechoka kutangatanga."

"Marahaba, baba. Sema kwa nguvu, Ramiro anakuna nazi hapa. Wewe kifuu hukukimaliza hata siku moja." Nyuma yake mtu akacheka.

"Mama, narudi nyumbani."



"Karibu sana. Tutakutandikia sebuleni. Utakaa siku ngapi?"