Hodi ya Tatu

Wageni wengine waliujia mji ule kwa majira yao: wa kiangazi kuogelea ziwani, wa baridi kuteleza kwenye theluji ya mlimani. Bi Salhina alikuja majira yote, tangu kiangazi kile mwanawe Nassor alipopiga mbizi ziwani asiibuke tena.

Safari hii alilikuta ziwa limeganda, jeupe, gumu kama sakafu. Kule mlimani watu walikuwa wakiteleza na kucheka. Yeye alitembea juu ya barafu hadi mbele ya gati, pale kijana alipojirusha, akapiga magoti, akapangusa theluji kwa upindo wa kanga yake, akagonga.

"Hodi," aliita. Akasubiri. "Hodi."

Mzee Kombo, mkodisha mashua, alikuwa amemfuata kwa kuhofia barafu isije ikapasuka. Kila alipokuja mama huyu, alimsikia akiita hivyo hivyo mara mbili, kisha kimya.

"Dada yangu," alisema, "hodi ni tatu. Ukikosa wa kukuitikia, unarudi kwako. Ndiyo ada."

"Naijua ada, kaka," alijibu bila kugeuka. "Ndiyo maana ya tatu sijaipiga."

Mzee alivua koti lake akamfunika mabegani.

Bi Salhina aliinua ngumi tena. Chini yao barafu ikaguna, mguno mrefu kama wa mtu anayejigeuza usingizini, na ngumi ikabaki hewani.