Magoti ya Sista Evelina

Mama mjamzito aliposhuka kitandani na kupiga magoti kwenye saruji, wanafunzi wa uuguzi walicheka wakidhani anasali.

Saa nzima alikuwa amesukuma akiwa chali, na mtoto hakusogea.

"Mrudisheni kitandani!" daktari alisema akiwa mlangoni. "Hapa ni hospitali, si kijijini kwao Bujora."

"Watano wangu wote nimewazaa hivi, Sista," mama alihema.

Sista Evelina, mkuu wa wodi, alikuwa amewarudisha wengi kitandani kwa miaka kumi na minane. Sasa alitazama vidole vya miguu vya mama huyu, vilivyong'ang'ania saruji kama vya mtu anayepanda mwamba.

Akavaa glovu. Akatandika sakafuni khanga ya mama, ile iliyogawiwa wakati wa uchaguzi wa vyama vingi, naye akapiga magoti. Soksi zake nyeupe zikalowa damu. Wanafunzi wakasogea karibu.

"Sista! Husikii?"

"Nimesikia, Dokta," alijibu bila kugeuka. "Shuka safi iko kabatini, hapo nyuma yako. Niletee upesi, kichwa kinatoka."