Mkono Ndani ya Gunia

Santina alikuwa ameshatumbukiza mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko. Mtihani wa mifupa katika chuo cha udaktari ulikuwa hivi: hakuna kuchungulia, ni vidole tu. Utaje mfupa, kisha useme ni wa upande gani, kulia au kushoto.

Wenzake tisa waliomtangulia walitoka wakitabasamu. "Ni bega la mtu," walimnong'oneza mlangoni. "Rahisi kama kunywa uji!"

Bega lilikuwa bega kweli. Lakini vidole vyake vilikataa kutulia. Mfupa huu ulikuwa mwembamba, mrefu, na ukingoni ulikuwa na alama ya kisu. Santina aliujua kabla hajajua kusoma. Kila Jumamosi alikwangua nyama kwenye mifupa kama huo jikoni kwa mama yake, anayeuza nyama choma kule mtaa wa Gumbo.

Mwalimu, mzee wa Kikenya asiyependa kukosolewa, aliinua saa yake. Mwaka jana kuna aliyebishana naye, na hadi leo anarudia darasa.

"Sekunde tano, Santina."

Santina akajibu, "Ni bega, mwalimu. Lakini samahani... hii iko ya mbuzi."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta taratibu kwa pindo la koti lake jeupe. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka hadi machozi.

"Wenzako tisa," alisema, "wamempa huyu mbuzi kitambulisho cha binadamu!"

Akavaa miwani. Uso ukarudi kuwa mkavu kama mwanzo.

"Haya. Upande gani?"