Mwotaji wa Jengo Letu

Kila jengo mjini lina mwotaji mmoja. Ndoto zake huziona wapangaji wote, na baadhi hutimia. Yeye mwenyewe haambulii kitu.

Letu, hapa Sinza, mwotaji ni mimi, mwanafunzi wa uzamili. Umeme ukatike, msimamizi wangu airudishe tena sura ya tatu, bado asubuhi pale bombani napishwa kama bibi harusi.

“Jana umetupandisha twiga hadi Kariakoo, Nyamizi,” husema Mama Shamsa, jirani yangu. Natembea kifua mbele.

Leo nimefungua mlango nikawakuta wapangaji wote wamekaa barazani, wanawake wamejitanda kanga.

“Kwani nimeota nini?”

Mama Shamsa akanipa kikombe cha uji.

“Kunywa kwanza, mwanangu. Simu ya nyumbani isikukute na njaa.”