Jiko la Bi Riziki Linakumbuka

Kila alfajiri Halmashauri huzima programu zinazoendesha majiko yetu na kuziwasha upya, kila moja ndani ya kontena lake, yaani sehemu yake ya kompyuta iliyotengwa na nyingine. Kilichoandikwa kwenye diski ya nyumba hubaki. Kingine chote hufutika.

Jirani yangu Bi Riziki ana kisukari. Kila siku aliliambia jiko lisimtilie sukari kwenye chai, na kila asubuhi jiko likamtilia vijiko vitatu. Macho yakaanza kumfifia. Fundi wa Halmashauri alikuja mara nne, na mara zote nne alisema, "Zima, washa." Tarehe zake ninazo kichwani.

Kazi hii sikuisomea, lakini kusoma najua. Mchana mmoja nikafungua faili la mipangilio ya jiko lake. Mstari wa kumi na mbili ulikuwa unapeleka maagizo yake kwenye folda ya muda, si kwenye diski. Nikabadilisha neno moja.

Kesho yake chai ikatoka haina sukari. Bi Riziki akacheka mpaka akashika ukuta.

"Shoga, fundi ni wewe. Wale wa Halmashauri wanalipwa kulala."

"Jana pia ulisema hivyo, Bi Riziki," jiko likasema kwa upole. "Saa tisa na dakika kumi alasiri."

Siku hizi akitaka kuwasema, hunivuta kwanza hadi ngazini, na hapo hunong'ona, jiko lisimsikie. Mimi nasemea pale pale jikoni kwake, tena kila jina nalitamka mara mbili, lisije likakosewa kwenye diski.