Kisanduku cha Bluu

Zama hizo kumbukumbu za mtu zilikuwa na kipimo, na zikijaa, huna budi kwenda kituoni kuzipunguza. Bi Hidaya alikwenda kwa sababu jina la kitukuu wake lilikataa katakata kukaa kichwani. Kila siku alimwita "wewe mgeni".

Tabitha, dada wa kituo, akamwashia skrini. Maisha yake yote yalikuwa visanduku vya rangi, na kikubwa ndicho kilichokula nafasi zaidi. Ndoa yake ilikuwa kijisanduku cha kijani, kidogo kama kifungo cha shati. Cha bluu kilimeza nusu ya skrini.

"Kitendawili," Bi Hidaya alicheka. "Siijui sura yake, na kimenijaa nyumba nzima."

"Nipe mji, bibi." Tabitha akakifungua. "Ni jioni tu. Umekaa unasikiliza kama mlango utagongwa. Miaka kumi na tisa."

Kicheko kikakatika. Mwanawe Chande alikwenda machimboni, hakurudi.

"Ukikifuta nitamsahau?"

"La. Yeye ni hiki chekundu. Kitakachoondoka ni kule kungoja."

"Basi futa, mwanangu. Mtoto anataka jina lake."

Jioni ile alimbembeleza kitukuu, "Lala, Mishi, lala," bila kujikwaa. Kisha akainuka, akafunga mlango kwa komeo. Bintiye, Saumu, hakuwahi kuona jambo hilo.

"Mama, na kaka Chande akija?"

"Si atabisha hodi," alisema Bi Hidaya, kama anayemtaja jirani, akarudi kumfunika mtoto.

Saumu akavuta kigoda, akakaa peke yake nyuma ya mlango.