Navigateur ya Maman Kanyere

Maman Kanyere aliusoma ujumbe mara tatu, akakaa juu ya mzigo wa vitenge dukani mwake, kisha akatuma mtu amwite Papa Faustin aje afukuzwe kazi.

Ujumbe ulitoka kwa namba asiyoijua: «Maman, navigateur yako iko muzee sana. Haione tena hatari. Iko na faille mingi. Fanya mise à jour mbio, ao utafute ingine, mbele musiba ifike.»

Navigateur ambaye Kanyere alimjua alikuwa mmoja tu duniani. Papa Faustin aliendesha pirogi ya mota ya Kanyere kwa miaka kumi na tisa, akivusha watu na mizigo kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto. Alikataa kuitwa dereva, maana dereva ni wa barabarani. Alikataa kuitwa pilote, maana pilote ni wa ndege. Mwishowe alichukua rangi nyeupe, akajiandikia mgongoni mwa shati la kazi: NAVIGATEUR. Herufi zilipanda na kushuka, lakini zilisomeka.

Abiria walimpenda. Alimtambua kila mmoja kwa sauti, na aliyekaa mbele alilazimika kumsimulia yaliyoko ng'ambo mpaka wafike. Alisema safari bila masimulizi ni adhabu.

Sasa Jumamosi harusi ya Annette, mdogo wake Kanyere, ilikuwa ivuke kwa pirogi hiyohiyo. Watu thelathini, bibi harusi mmoja, keki ya ghorofa tatu.

Annette mwenyewe akaingia dukani. Alifundisha informatique, mambo ya kompyuta, na hakuwa mtu wa kuficha elimu yake.

"Yaya," akamwita dada yake, "eti unamufukuza Papa Faustin? Juu ya nini?"

Kanyere akampa simu. Annette akasoma, akacheka hadi akashika meza.

"Ee, Yaya! Ni navigateur ya telefone! Ile unafungulaka nayo internet. Ikizeeka inapata faille, ni kusema matundu. Wezi wanapita mule, wanaiba mpaka mot de passe, neno yako ya siri."

"Hawakusema telefone."

"Hawakusema mutu."

Hapo ndipo Kiswahili cha Kisangani kinapotukamata. Kwetu mtu iko, simu iko, mbuzi iko. Nani atajua aliyezeeka ni yupi?

Annette akaichunguza simu. Kweli bwana, navigateur ya mle ndani haikuguswa tangu simu inunuliwe. Onyo jekundu lilijitokeza kila asubuhi, na kila asubuhi Kanyere alilifukuza kwa kidole kama nzi. Annette akabonyeza mise à jour, yaani kuisasisha. Mstari ukatambaa, ukafika mwisho.

"Voilà. Matundu yote imezibwa."

Kanyere akaona haya, haya kabisa. Miaka kumi na tisa mzee wa watu hajamlowesha mtu hata kisigino, naye alitaka kumtupa kwa neno moja la Kifaransa.

Papa Faustin akafika. Alikuwa ameshika bega la Djamila, muuza samaki anayevuka naye kila siku, maana mzee huyo hakupenda kutembea peke yake. Kofia alishaivua. Habari mbaya ina miguu mirefu, ilimfikia kabla ya mjumbe.

"Maman, kama ni kunifukuza, unifukuze," akasema. "Lakini niko na wajukuu sita, na mimi kazi ingine siijue."

"Papa, unisamehe. Ni telefone ndiyo ilizeeka, si wewe. Annette amekwisha kuitengeneza," akasema Kanyere. "Samedi, wewe ndiye utavusha harusi. Sitaki navigateur ingine."

"Telefone!" Mzee akacheka, machozi yakamtoka. "Na mimi nilishaogopa, nikasema yamekwisha julikana!"

"Nini, Papa?" akauliza Annette, naye akicheka.

"Uzee, mutoto yangu. Uzee tu."

Djamila hakucheka. Aliitazama ile simu kama mwenye kuujua ujumbe wake, kisha akamtazama mzee machoni. Kanyere alikuwa ameshindwa kusema zaidi. Alisimama tu kimya, anajifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

Mzee akaliacha bega la Djamila. Akapiga hatua mbili, akainama kwa heshima zote, akaushika kwa mikono miwili mkono wa sanamu ya plastiki iliyovalishwa kitenge kipya ubavuni mwa Kanyere.

"Asante, Maman," akaiambia. "Lakini mukono yako iko baridi sana. Usiogope tena. Samedi nitawavusha wote."